Shida amekuja

Jana usiku binti yangu kaniletea daftari la Kiswahili jikoni, homuweki, panga nomino zifuatazo, kushoto za kawaida kulia za pekee. Kiti kaweka, mto kaweka, Mwanza na Rufiji kaweka, kufika kwenye neema kakwama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, sasa huyu si dada Neema?" Nikabaki na mwiko mkononi, kitunguu kinaungua, mimi akili iko Mbamba Bay.

2010 hiyo, Nyasa bado haijawa wilaya, tuko chini ya Mbinga. Darasa la tatu, watoto zaidi ya 80, wengine wamekaa chini kwa sababu madawati hayatoshi. Nilikuwa nimejiandaa. Ubao nimeugawa katikati kwa mstari wa chaki, ziwa huku, Nyasa kule, mto huku, Ruhuhu kule, na kanuni niliyowapa ilikuwa moja tu: ya pekee inaanza na herufi kubwa. Mtoto mmoja wa mvuvi akagoma, kwa nini mbasa asipewe herufi kubwa wakati kila mtu anamjua? Nikamwambia mbasa wako wengi ziwani, hilo ni jina la aina ya samaki, siyo la samaki mmoja. Akanuna lakini akaandika.

Halafu nikaandika sentensi, "Kijiji kina shida ya maji." Nikapigia mstari neno shida, nikauliza, hii ni nomino gani?

Darasa zima likageuka kuangalia dirishani. Pale dirishani ndipo alipokuwa anakaa Shida, na jina lake siwezi kulibadilisha hapa maana jina lenyewe ndiyo habari. Mimi kwa haraka zangu nikasema, "Hapana, huyo mwacheni, hii ni shida ya kawaida tu." Kicheko kikalipuka, na huku nyuma wameshaanza kuimba, shida ya kawaida, shida ya kawaida. Nikagonga meza.

Aliinuka mwenyewe, sikumwita. Alivaa sweta la shule la bluu lililoisha viwiko, mikono mirefu kuliko mikono yake, ameikunja. Akapita katikati ya waliokaa chini, anaruka miguu yao mmoja mmoja, taratibu, hana haraka, na kicheko kikawa kinapungua kadiri anavyokaribia mbele. Nikadhani anataka kutoka nje kulia. Alienda ubaoni. Akaweka kidole kwenye ile s ndogo, akakiacha hapo hapo, hajafuta kitu, akasema akiwa bado ametupa mgongo:

"Mwalimu, hii ni imekuja. Mimi ni amekuja."

Sikumwelewa. Nikamwambia rudia. Akageuka.

"Shida imekuja," akaonyesha ubao. "Shida amekuja," akajigusa kifuani kwa kidole kile kile chenye chaki, kikaacha doa jeupe kwenye sweta.

Mimi nimetoka chuo cha ualimu, ngeli nimesomea na mtihani nimefanya, na sijawahi hata siku moja kuziweka hizo mada mbili pamoja, nomino za pekee somo lake, ngeli somo lake. Na mtoto anasema kweli. Herufi kubwa iko kwenye karatasi tu, mdomoni haisikiki, bibi anayemwita mjukuu wake toka kisimani hamwiti kwa herufi kubwa. Lakini i na a kila mtu anazisikia, hata asiyejua kusoma. Nikajaribu na Jumanne, maana tulikuwa naye darasani: Jumanne imepita, Jumanne amepita. Siku na mtoto, zote mbili herufi kubwa, kwa hiyo kanuni yangu ya asubuhi hapo haisaidii kitu, inayosaidia ni ya Shida. Basi wakaanza kupiga kelele kila mmoja na lake, Zawadi imepotea, Zawadi amepotea, Baraka, Tabu, Tumaini, hadi mwalimu wa darasa la pili akaja mlangoni kuchungulia.

Nikamsifu, nikawaambia wampigie makofi, akarudi dirishani. Lile neno langu sikulirudia wala sikulifuta. Nilidhani makofi yametosha. Mapumziko nikasikia wavulana uwanjani, shida ya kawaida, shida ya kawaida, na yeye anaruka kamba kama hasikii.

Baadaye bibi yake aliniambia kwa nini aliitwa hivyo, uchungu ulimkuta mama yake usiku kwenye mtumbwi, ziwa limechafuka, na mama hakufika. Hayo mengine sitayaandika. Na Myao mmoja wa Tunduru tuliyekuwa tunafundisha naye, nilipomsimulia somo langu, akanichekea kwa upole akasema kwao nyasa maana yake ni ziwa, ziwa lolote. Kwa hiyo hata ubao wangu, ziwa huku Nyasa kule, ulikuwa na neno lile lile pande zote mbili, ila moja limezoeleka mpaka likawa jina. 2012 nikapata uhamisho. Bibi alikuwa anasema watambadilishia jina kabla ya mtihani wa darasa la saba. Kama walibadilisha sijui. Mara nyingine natamani walibadilishe, nikikumbuka lile doa la chaki natamani wameliacha.

Nilizima jiko. Nikamwambia binti yangu, sema Neema imekuja, sema Neema amekuja. Akasema zote mbili, akacheka, halafu akaniangalia, "Sasa niandike upande gani, mama? Mwalimu anataka upande mmoja."

Tukaandika pande zote mbili, kushoto kwa ndogo, kulia kwa kubwa. Asubuhi kaondoka nalo.