Nyuma ya zizi la punda, na Fabre

Filamu juu ya Fabre, Mfaransa mtazama wadudu, ilinifikia ndani ya flashi. Mteja wangu mmoja wa Shela, Mfaransa aliyeniagizia mlango wa nakshi, alinikuta siku moja nimeweka patasi chini namtazama nyigu akipaka udongo kwenye boriti ya karakana. Hakulalamika kwamba mlango wake unachelewa. Alicheka tu, na aliporudi wiki iliyofuata alinitilia flashi mkononi.

Ni *Monsieur Fabre* ya mwaka 1951, haina rangi, imeongozwa na Henri Diamant-Berger. Pierre Fresnay ndiye Fabre. Niliitazama usiku juu ya dari na ami yangu. Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya picha, nami nikawa mkalimani.

"Huyu bwana kazi yake hasa n'nini?"

"Atazama wadudu, ami."

"Na hulipwa?"

Hapo alipiga penyewe. Jean-Henri Fabre alizaliwa mwaka 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, Ufaransa, nyumba ya kimaskini, akala mshahara mdogo wa ualimu miaka mingi. Kule Avignon alifundisha wasichana jinsi maua yanavyotungwa mbegu, watu wakaona ni aibu, na mwaka 1870 akafukuzwa hata nyumba aliyopanga. Aliyemwokoa ni rafiki yake Mwingereza, John Stuart Mill, mwanafalsafa, aliyemkopesha faranga 3,000. Ami alimpenda sana huyo Mill. Alisema rafiki wa namna hiyo ukimpata usimwache aende safari.

Umeme ukakatika. Nilimalizia filamu peke yangu usiku wa pili.

Fresnay ni mwigizaji hodari, sina neno juu yake. Lakini filamu ina saa moja na ushee, na mzee yule aliishi miaka 91. Filamu haina budi kukimbia, na kazi ya Fabre ilikuwa kukaa. Mwaka 1879 alinunua kiwanja cha mawe na miiba huko Sérignan, ardhi ambayo mkulima mwenye akili asingeichukua hata bure, akaifurahia kwa sababu nyigu na nyuki wameipenda. Akakaa hapo mpaka kufa kwake mwaka 1915, akamaliza vitabu vyake 10 juu ya wadudu. Utaonyeshaje kukaa kwa miaka 36? Ndiyo maana nikavitafuta vitabu vyenyewe kwenye intaneti, na huko ndiko nilikopotelea.

Kuna kisa kimoja sikisahau. Fabre alikuwa akimngoja nyigu wa aina fulani kando ya njia. Asubuhi wakapita wanawake watatu wanaokwenda kuchuma zabibu, wakamkuta amekaa juu ya jiwe anatazama chini. Magharibi wakarudi na vikapu vichwani, yuko palepale, juu ya jiwe lilelile, macho palepale. Mmoja akamwonyesha wenziwe kwa ishara kwamba maskini huyu hana akili, na wote watatu wakajipiga ishara ya msalaba.

Mimi nikasema, basi na nijaribu kumtazama dundu, yule mdudu anayeviringisha mavi. Lamu kitu kisichokosekana ni mavi ya punda.

Ijumaa baada ya swala nikaenda nyuma ya zizi la shemeji yangu, huko nje ya Wiyoni ambako kuna mchanga na minazi. Nikalala kifudifudi. Nilichukua daftari, maji, na mwavuli wa dada yangu wenye maua, jambo ambalo sasa najua lilikuwa kosa.

Saa tisa na dakika kumi dundu mmoja alikata bonge lake. Hukata kwa kichwa, kichwa chake kina meno mbele kama sepetu iliyochongwa, na anayejua chuma atakwambia kwamba makali yale si ya mchezo. Akalifinyanga kwa miguu mpaka likawa tufe, tufe hasa, bila bikari. Mimi kupata duara kamili kwenye mninga natumia bikari na uzi na bado narudia. Kisha akageuka, kichwa chini, miguu ya nyuma juu ya tufe, akaanza kulisukuma kinyumenyume.

Akaja wa pili akalipanda. Wakati huo shemeji alikuwa amesimama juu yangu.

"Umwone, amsaidia mwenziwe," alisema. "Wadudu wana huruma kutupita."

Watu wa zamani kule Ulaya nao walisema hivyohivyo, mpaka Fabre akakaa vya kutosha na kumwona yule msaidizi akilipora tufe na kukimbia nalo. Nikamwambia shemeji angoje. Hakungoja, ana punda wa kupeleka saruji. Dakika saba baadaye wale wawili walipigana, mmoja akabinuliwa chali, na tufe likaondoka na yule aliyekuja mikono mitupu. Sikuwa na shahidi.

Na uvumilivu wangu uliishia hapo, baada ya saa mbili na nusu. Fabre alimtazama dundu mmoja anakula tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, bila kupumzika, huku nyuma anatoa uzi mmoja wa kinyesi usiokatika. Akaupima ule uzi. Mita 2.88. Nilipomsomea ami alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mke wake alikuwa hai wakati huo.

Nilirudi na mdudu mwingine kwenye kisanduku cha kiberiti, kifaurongo, yule mweusi ambaye ukimgusa hukunja miguu akawa maiti. Utotoni tulimweka kiganjani tukishindana nani atangoja mpaka afufuke. Fabre alifanya mchezo huohuo na mdudu wa kwao, na saa mkononi. Mara nyingine dakika 50 zilipita. Lakini alimwekea nzi, na nzi alipomtekenya tu, maiti akainuka. Akamweka penye mwanga wa jua, akainuka. Mwongo wa kweli, alisema, angezidi kukaza hapo adui anapokaribia. Kwa hiyo yeye aliona si hila, ni kama kuzimia. Sisi na lugha yetu tumeshampa mdudu jina la uongo, na hakuna aliyemuuliza.

Wangu nimemgeuza chali juu ya ubao wa mlango wa yule Mfaransa, nikamfunika kwa gilasi, nikatoka nje nisionekane, nikachungulia dirishani. Dakika 11. Nimeziandika kwa penseli palepale, mahali patakapochongwa yungiyungi.