Ndege Asiyekuwepo

Mteja wangu wa kwanza aliweka lebo ya kitambaa juu ya kibodi yangu, akakunja mikono, akanyamaza. Lebo yenyewe haikuzidi upana wa sentimita 3. Katikati palikuwa na donge la uzi wa zambarau, na chini ya donge mstari uliovimbavimba, ambao kwenye kompyuta yangu ulikuwa jina la biashara yake.

“Nisomee, mwanangu,” akasema.

Jina nililijua, mimi ndiye niliyelipanga herufi kwa herufi. Kulisoma pale sikuweza. Kila “a” ilikuwa imeziba tumbo, kila “e” imegeuka nukta nene.

Alikuwa fundi cherehani, ameshona miaka mingi kabla sijajua kushika kipanya. Alinijia miezi miwili nyuma akitaka nembo, au logo kama alivyoiita yeye na kama tunavyoiita sote tukiwa hatuandiki. Alitaka kitu ambacho mtu akikiona ndani ya ukosi wa gauni atajua limetoka kwake. Hilo alilisema waziwazi siku ya kwanza. Mimi nikaandika kwenye daftari: “kifahari, cha kisasa”. Ukosi wa gauni sikuuandika.

Wakati ule nilikuwa nimelewa habari za mshale wa FedEx, ile kampuni ya kusafirisha vifurushi. Nembo ile Lindon Leader aliichora mwaka 1994, na kati ya E na x nafasi tupu imekaa umbo la mshale. Kuna watu wameitazama miaka nenda rudi wasiuone, na siku wakionyeshwa hawaachi kuuona tena. Nami nikataka mshale wangu. Nikaficha sindano ndani ya herufi ya kwanza, uzi ukatoka tunduni na kulizunguka jina zima, mwembamba kama unywele, ukianza buluu na kuyeyukia zambarau. Chini nikatia kivuli, herufi zionekane zinaelea. Usiku nilipoimaliza niliikuza ikajaza kioo kizima, nikarudi nyuma hatua mbili kama mchoraji mbele ya turubai, nikajipongeza. Kuipunguza sikuipunguza hata mara moja.

Nilipomwonyesha, aliinamia kioo kwa muda.

“Nzuri. Na huyu ndege ni wa nini?”

Nikamweleza kwamba si ndege, ni sindano. “Aa,” akasema, akaipokea kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua ataiweka wapi. Hapo ndipo ningeshtuka. Mshale wa FedEx usipouona, bado una neno linalosomeka vizuri. Sindano yangu usipoiona, una ndege.

Nikamtumia faili, tukaagana. Kumbe huko nje mambo yalikuwa yanaharibika moja baada ya jingine, naye akanistahi, hakuniambia mpaka ilipofika lebo.

Fundi wa mihuri alikuwa wa kwanza. Mhuri una rangi moja tu, kivuli hauna pa kukiweka, kwa hiyo risiti zake zilitoka na baka jeusi. Mchapaji wa mifuko akahesabu rangi zangu akaguna, maana kwenye uchapaji wa fremu, ule wa kusukuma wino kupitia wavu, kila rangi hutaka fremu yake, na ule uzi unaobadilika rangi angeweza kuuigiza kwa vinukta tu. Zambarau yenyewe karatasini ilitoka imechoka. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga. Wino hauwezi kuifikia kila rangi inayowaka kiooni, na zambarau yangu ilikuwa mojawapo. Bango ndilo lilishindikana kabisa. Nembo nzima nilikuwa nimeijenga kwa pikseli, vile vinukta vinavyounda picha kiooni, upana wake 800. Ukiichapa kwa vinukta 300 kwa inchi hupati hata sentimita 7, na mwenye bango alikuwa akiivuta ifike mita 3. Kingo za herufi zikawa ngazi.

Haya yote hufundishwa mapema, na nilikuwa nimeyasoma. Sijui nilidhani yanamhusu nani.

Nikaanza kumlaumu mwenye mashine ya kudarizi. Mama yule, mteja wangu, hakubishana. Alichomoa uzi kwenye pindo la kitambaa alichokuwa nacho, akaulaza juu ya lebo.

“Tazama unene wake. Huu hauwi mwembamba kwa sababu wewe umetaka. Sindano inaingia hapa, inatoka hapa. Katikati ya hapa na hapa huwezi kuweka kitu.”

Kisha akatoa sindano mkobani na kushona pale pale, mishono mitatu mifupi yenye nafasi sawa. Nikaitazama ile mishono kuliko nilivyopaswa kuitazama kazi ya mteja aliyekuja kugomba.

Nembo ya pili ilinichukua siku moja. Jina kwa herufi nene zenye matumbo wazi, na chini yake mishono mitatu, basi. Niliichora kwanza nyeusi tupu, rangi tuliichagua mwishoni, na ilikuwa moja. Safari hii niliichora kwa vekta, yaani kwa mistari ya kihesabu badala ya vinukta, kwa hiyo kuikuza au kuipunguza hakukuwa na madhara. Kwa lebo, herufi sikuziacha zishuke chini ya milimita 5. Nikaichapa ndogo, nikaibandika ukutani, nikasogea mpaka mlangoni. Ilisomeka. Ilikuwa pia ya kawaida mno, nakiri, na kwa wiki nzima niliona haya kuwaonyesha wenzangu.

Malipo ya pili sikuyadai, naye hakuyataja.

Baada ya mwezi akanipigia kwa furaha: bango limepandishwa, nije nilione. Nikaenda. Mbao ilikuwa ndefu sana, na ili pasibaki nafasi pembeni, nembo yangu ilikuwa imevutwa kushoto na kulia, herufi zimelala kama zimekanyagwa, mishono mitatu imekuwa reli. Kumpa maelekezo ya matumizi, hata mstari mmoja wa “usiivute”, nilikuwa nimesahau.

“Mbona kimya?” akaniuliza. “Hujaipenda?”

“Inasomeka, mama.”

“Hata kutoka ng’ambo ya barabara,” akasema, akanishika mkono tuvuke nikahakikishe.