Asilimia 41 iliyozimika chini ya mbuyu

Mbukwenyi nyote.

Siku ya kuvunja kikoba hakuna anayebaki nyumbani. Desemba ile tulikuwa chini ya mbuyu, kijiji kimoja upande wa Mvumi: wanachama 28, sanduku la kufuli tatu katikati, na mimi katibu nimepakata kompyuta ninayotunzia hesabu za vikoba vitatu vya wilaya ya Chamwino. Nilikuwa nimemaliza mwanachama wa 19. Hisa zake, mkopo uliobaki, faini, gawio. Pembeni ya kioo betri inasema asilimia 41. Nikaanza kuandika ya wa 20, kioo kikawa cheusi.

Mama mmoja mtu mzima akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na hesabu zetu zimo humo humo?"

Hela zilikuwa sandukuni, kila mtu anaziona. Lakini mtu aliyeweka shilingi elfu mbili kila wiki, za karanga na za alizeti, anataka kuona pia namna zilivyohesabiwa. Mweka hazina akafungua kaunta buku yake, tukarudia yote kwa kalamu mpaka jua likazama. Swali la yule mama ndilo lililonifanya nikae chini nijifunze habari za betri.

Kesho yake nilikwenda mjini kwa fundi mmoja, maeneo ya Majengo. Akaiwasha, akaizima, akasema, "Dada, betri imekufa hiyo. Elfu 85 nakuwekea nyingine." Huenda alikuwa sahihi. Ila hakupima chochote, na mimi siwezi kutoa hela isiyo na hesabu.

Nikarudi nyumbani Nkuhungu, nikapima mwenyewe. Kama kompyuta yako inatumia Windows, fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakutajia mahali ilipohifadhi faili, nawe unalifungua kama ukurasa wa intaneti. Humo tafuta mistari miwili. Wa "Design Capacity" ni ujazo betri iliyotoka nao kiwandani, na wa "Full Charge Capacity" ni ujazo inaoweza kubeba leo ikijaa. Yangu ilitoka kiwandani na 47,520. Sasa ikijaa ilikuwa inabeba 22,810. Gawanya, unapata asilimia 48.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna asilimia za aina mbili, na nilikuwa nazichanganya miaka yote. Ile ya pembeni ya kioo inasema ghala lina mahindi kiasi gani sasa hivi. Hii ya ripoti inasema ghala lenyewe limebaki kubwa kiasi gani. Ghala langu lilishapungua kufika chini ya nusu, na kioo kiliendelea kuniandikia 100 kila asubuhi, kwa kuwa kweli lilikuwa limejaa.

Lakini bado kulikuwa na fumbo la ile 41. Ghala dogo huisha mapema, sawa, ila linapaswa kushuka 20, 10, 5 ndipo liishe. Kwa nini lizime katikati?

Jibu ni kwamba hakuna anayeona ndani ya betri. Kuna saketi ndogo inayohesabu umeme ulioingia na uliotoka, inapima na volti, halafu inakadiria. Ni kama mtu anayejua mahindi yaliyobaki kwa kuhesabu madebe tu. Makosa madogo madogo yanajumlishana. Mimi nilikuwa nikiichaji kutoka 60 hadi 100, 70 hadi 100, mwaka mzima, kwa hiyo saketi ile haikupata hata siku moja kuona sakafu ya ghala. Juu ya hapo, seli iliyozeeka volti yake huanguka ghafla inapobebeshwa kazi, na kompyuta ikiona volti imeshuka mno inazima, hata kioo kiseme nini.

Dawa ya kipimo kilichopotea ndiyo wanayoiita kalibresheni. Nilijaza mpaka 100, nikaiacha kwenye umeme saa mbili zaidi. Nikazuia isilale yenyewe, nikafunga kazi zangu zote, nikachomoa chaja, nikaiacha itumike hadi ikazima. Nikaipumzisha saa chache, kisha nikaijaza moja kwa moja hadi 100 bila kuigusa. Mara ya kwanza umeme ulikatika ikiwa 63, ikanibidi nianze upya siku nyingine. Chagueni usiku mnaouamini.

Nawaambia matokeo kama yalivyo, maana nimesikia watu wakiambiwa kwamba kalibresheni inafufua betri. Haifufui. Baada ya kuifanya, ripoti yangu ilishuka kutoka 22,810 hadi 20,960. Kupima ghala hakuongezi mahindi. Nilichopata ni ukweli: kuanzia siku ile betri ilishuka kwa utaratibu, nikajua kwamba nikijaza nina saa moja na dakika kumi za kazi ya hesabu, si zaidi. Nikapanga mikutano kwa saa hiyo moja. Wala msiifanye kila wiki, kwa sababu kuimaliza betri mpaka chini kunaichosha. Mimi hufanya mara mbili kwa mwaka, au kioo kinapoanza kuruka namba.

Na yale mafundisho tuliyopewa, kwamba betri isichajiwe mpaka iishe kabisa, yalikuwa ya betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Za sasa ni za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na hizo zinapenda kukaa katikati. Kinachoziua haraka ni joto, hasa joto zikiwa zimejaa. Nikijikumbuka na begi langu jeusi juu ya tangi la pikipiki, jua la Novemba la Dodoma saa saba mchana, kisha usiku kompyuta kwenye chaja juu ya godoro mpaka asubuhi, naona ile nusu iliyopotea ilikwenda wapi.

Niliendelea nayo miezi mitano. Kilichoniondoa hapo hakikuwa namba. Siku moja kitufe cha kipanya kilikataa kubonyea, na kompyuta nikiiweka mezani inacheza kama meza ya miguu mitatu. Betri ilikuwa imevimba. Hapa sina mjadala na mtu: ikivimba, izime, usiichaji tena, usiitoboe kutoa hewa, usiikandamize irudi, peleka kwa fundi siku hiyo hiyo. Gesi iliyo ndani yake na lithiamu inaweza kuwaka moto. Kama haijavimba, kipimo ni kazi yako. Wengi husema chini ya asilimia 80 imezeeka, lakini anayekaa karibu na soketi siku nzima anaweza kuitumia hata ikiwa 50. Mimi soketi yangu ni mbuyu.

Safari hii nilitafuta fundi mwingine. Alifungua kwanza, akasoma namba iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, volti na umbo la plagi, kwa sababu kompyuta za jina moja huweza kuwa na betri tofauti. Ile ya zamani akaizika kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya duka. Kabla sijalipa nilimwomba tutoe ripoti, kisha nikakaa kwenye benchi lake saa nzima nikiandika bila chaja. Hakukasirika. Stika huandika chochote, saa moja ya kazi haidanganyi.

Sasa nimeweka kikomo, ikifika 80 inaacha kuchaji. Kompyuta nyingi zina mpangilio huo, ama kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza ama kwenye ule ukurasa wa kabla ya Windows kuwaka. Usiku wa kuamkia safari ya kijijini tu ndipo naifungulia ijae hadi 100. Na begi nalifunika khanga nyepesi.

Kila tarehe mosi natoa ripoti, naandika namba nyuma ya kaunta buku yangu, chini ya hisa na faini. Mwezi huu: 46,310 kati ya 47,520.