Picha ya Dunga na sheria ya Ujerumani

Wapiga picha wengi hapa Kisumu wakikuta kazi yao imechukuliwa na kampuni ya ng'ambo, husema basi, imeshaenda. Mimi sikubali.

Picha yenyewe niliipiga asubuhi Dunga, ufuko wa wavuvi hapa Kisumu, akina mama wakianika omena juu ya nyavu kuukuu. Mmoja ameinama, mkono unatawanya samaki, magamba yanametameta hadi kwenye kiwiko. Baadaye nikaikuta kwenye tovuti ya wakala mmoja wa utalii wa Ujerumani. Pembe ya chini kulia ilikuwa imekatwa, pale pale nilipoandika jina langu.

Kila ninayemsimulia huuliza, "Kwani uliisajili?" Haikuwa lazima. Mkataba wa Berne wa 1886, wa nchi nyingi kuhusu hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao 1993, unakataza nchi mwanachama kumdai mtunzi wa nchi nyingine usajili wowote ndipo imlinde. Hakuna hakimiliki moja ya dunia nzima. Kilichopo ni nchi kuahidiana: Ujerumani ilinde picha ya Mkenya jinsi inavyolinda ya Mjerumani. Kwa hiyo kule nadai kwa sheria ya kule. Mkataba huohuo unasema jina likiwa kwenye kazi, mwenye jina ndiye mtunzi mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Ndiyo maana kukatwa kwa ile pembe kuliniuma zaidi. Bahati nzuri faili halisi kutoka kwenye kamera ninayo, nzima, na tarehe yake.

Kuna jambo ambalo wabunge wetu wangelitazama. Hapa Kenya kitabu hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Picha hupewa miaka 50 tu tangu ipigwe au ichapishwe. Kijana wa miaka 20 anaweza kuishi hadi aone picha yake imekuwa ya kila mtu. Ujerumani hulinda picha za kisanaa miaka 70 baada ya mpigaji kufa, lakini kwetu haisaidii, kwa sababu kazi ya mgeni hailindwi kule kupita muda wa nchi ilikotoka. Tunapunjwa kuanzia nyumbani.

Niliwaandikia, nikaambatanisha picha nzima. Wameiondoa bila neno la malipo. Sasa natafuta wakili wa kulekule, maana muda wote iliokaa pale ikiwauzia safari bado naudai.