Miaka Yangu na Madaktari Wasaidizi

Wiki hii nimekuwa nikipanga makabrasha ya miaka mingi ya ufundishaji chuoni, na yaliyonichukua muda mrefu zaidi ni ya wanafunzi wa udaktari msaidizi. Hawa hawakutujia moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Walikuwa maafisa tabibu, yaani watoa tiba wasio na shahada ya udaktari, watu wenye familia zao, ambao kwa utaratibu walipaswa kuwa wametumikia miaka isiyopungua 3 ndipo wapokelewe kwa masomo ya miaka 2. Baadhi yao walinizidi umri. Niliwaita kaka na dada, nao wakaniita mwalimu.

Kada hii inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, na kufikia mwaka 1963 ilikuwa imeanza kuwaendeleza matabibu wazoefu ili watibu na kupasua mahali ambapo daktari hayupo. Chuo Kikuu cha Duke, ambako kada kama hii ilianzia nchini Marekani, kilipokea wanafunzi wake 4 wa kwanza mwaka 1965. Kule msaidizi aliandaliwa kufanya kazi chini ya daktari wa kumwuliza, ilhali wa kwetu, usiku katika hospitali ya wilaya, mara nyingi ndiye aliyekuwa akiulizwa na wengine wote.

Ndiyo maana moyo wangu ulikuwa katika miezi 3 ya upasuaji na miezi 3 ya uzazi. Kufunga fundo walijifunza upesi. Walijizoeza bwaloni kwa kuzungushia uzi mpini wa kijiko, chai ikipoa, mpaka mkono mmoja ukaweza peke yake. Penye kazi palikuwa kwenye patografu, ile karatasi ya grafu ya kufuatilia mwendo wa uchungu wa uzazi. Tulizitandaza mezani karatasi zilizofutwa majina, tukaufuata uchungu wa mama saa hadi saa kati ya mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, ulio saa 4 mbele yake, kisha nikauliza: "Dada, hapa ungefanya nini?" Alijibu haraka na kwa kawaida alipatia, kwa kuwa alikwisha kuwahudumia akina mama wengi. Nilipomwuliza sababu, alinyamaza. Nilitaka aijue sababu hiyo kwa ajili ya siku atakapoletewa mama asiyefanana na yeyote aliyewahi kumwona.

Utafiti wa hospitali za Mwanza na Kigoma, uliochapishwa mwaka 2009, haukuona tofauti ya maana kati ya upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada. Niliufurahia sana kwa niaba yao, maana walikuwa wamechoka kuulizwa na ndugu zao watakuwa madaktari kamili lini.

Sasa wengi ninaowafundisha wanasomea shahada. Hawa sababu wanazo tele, lakini mikono yao bado migeni, hivyo ninaanzia upande wa pili: kwanza zamu nzima ya usiku katika wodi ya wazazi, pamoja na mkunga mzoefu, ndipo patografu darasani. Nimeiandikia idara kuomba mpango huo uingizwe kwenye mtaala, na katika maombi hayo nimeeleza kwamba niliupata kwa maafisa tabibu.