Efekti za Picha kwenye Filamu Kubwa: Shoti Hukwama kwenye Makabidhiano

Filamu kubwa inaweza kuwa na shoti za efekti (vipande vya picha, kutoka mkato hadi mkato, vinavyoongezewa vitu kwa kompyuta) zaidi ya 2,000, zikiwa zimegawiwa studio kadhaa zilizo mbali mbali. Mratibu hachori wala hafanyi animesheni, lakini ndiye anayepaswa kujua kwa nini shoti fulani ina wiki mbili haijasogea. Mara nyingi msanii hana kosa. Shoti ilimfikia ikiwa na upungufu, akakaa kusubiri jibu au, mbaya zaidi, akabahatisha.

Anza na majina. Kila shoti ipewe herufi tatu za mfuatano wake na namba za tarakimu nne zinazoruka kumi kumi: DRJ_0010, DRJ_0020. Mhariri akichomeka shoti katikati, inaitwa DRJ_0015 na hakuna kingine kinachoguswa. Mkihesabu moja moja mtalazimika kubadilisha majina, na jina likibadilika, faili, ankara na maoni ya mwongozaji vyote vinapoteana. Shoti ikifutwa, namba yake ifutwe nayo. Isirithiwe na nyingine.

Fremu zihesabiwe kuanzia 1001. Hapo kuna nafasi ya kurudi nyuma bila kuingia namba hasi, na faili zote hujipanga sawa kwa kuwa zina tarakimu nne. Kisha weka akiba ya fremu 8 kila upande, ili mhariri akirefusha kidogo msirudie roto (kuchora mipaka ya vitu fremu kwa fremu) na trakingi (kufuatilia mwendo wa kamera). Sasa hapa ndipo watu huteleza: je, 1001 ni fremu ya kwanza ya akiba, au ni ya kwanza inayoonekana kwenye filamu? Studio mbili zikielewa tofauti, shoti zitarudi zimepishana kwa fremu 8, na kosa hilo halionekani mtu akiitazama shoti peke yake. Litaonekana siku ya kuunganisha, wakati kila mtu amechoka.

Kifurushi kinachotoka kwa uhariri ndicho ningekilinda kuliko vyote. Kiwe na picha asilia za OpenEXR (aina ya faili za picha za efekti), orodha ya mikato, video ya rejea, marekebisho ya rangi ya kila shoti, na karatasi ya hesabu inayotaja fremu ya kuanzia, ya kumalizia na mabadiliko yoyote ya kasi au ukubwa. Kutoka seti, yaani mahali pa kupigia filamu, kije na taarifa za lenzi, vipimo vya leza, picha za mpira wa kijivu na wa kioo zinazoonyesha mwanga ulivyokuwa, na picha za mwanga za pande zote zilizopigwa kwa viwango tofauti vya mwanga. Kikikosekana kimoja, usiipokee shoti nusunusu. Iandike kuwa inasubiri, taja kinachosubiriwa na nani anadaiwa.

Mabadiliko ya kasi yanahitaji uamuzi wake. Picha ikibadilishwa kasi kabla ya trakingi ya kamera, halafu mhariri akagusa mkunjo wa kasi wiki tatu baadaye, basi kamera, animesheni na moshi vyote vinarudi mwanzo. Ni salama zaidi kufanya trakingi kwenye picha asilia na kuiacha kasi iwe hatua inayoweza kubadilishwa. Na hakikisheni wote mnatumia kasi ileile ya fremu. Tofauti ya 23.976 na 24 haionekani kwenye shoti ya sekunde 5, lakini kwa saa moja ni fremu 86.

Kwa rangi, mkubaliane mapema. Wengi hutumia ACES, mfumo wa pamoja wa kusimamia rangi. Kisha kila studio ipewe picha moja asilia, iipitishe kwenye mfumo wake wote bila kuigusa na kuirudisha. Toa thamani za pikseli za iliyorudi kwenye zile za asilia. Matokeo yakiwa meusi tii, mambo ni sawa. Kukiwa na mabaki picha nzima, kuna ubadilishaji wa rangi uliokosewa au uliofanywa mara mbili. Mabaki yakiwa kwenye kingo za vitu tu, picha imebadilishwa ukubwa, au upindaji wa lenzi umeondolewa na kurudishwa vibaya. Jaribio hili huchukua nusu siku, na bado kuna miradi inayolikwepa.

Hesabu za mashine nazo zifanywe kwa kalamu. Fremu moja ya 4096 × 2160, yenye njia tatu za rangi (nyekundu, kijani na bluu) za biti 16 kila moja, ni takriban MB 53 kabla ya kubanwa. Shoti ya sekunde 5 pamoja na akiba ni fremu 136, yaani GB 7 na ushei kwa toleo moja, bila kuhesabu tabaka. Ikiwa kila fremu inahitaji saa 4 za kurenda (kompyuta kukokotoa picha yenyewe), hizo ni saa 544; hata mashine 40 zikifanya kazi pamoja, kila moja na fremu yake, ni raundi nne, yaani saa 16. Ukiiwasha saa moja jioni, kikao cha saa tatu asubuhi kitaikuta bado haijamalizika. Kwa hiyo tuma kwanza kila fremu ya kumi. Ni fremu 14 tu, zinakamilika ndani ya saa 4, na zinatosha kufichua kitambaa kisicho na rangi au taa iliyosahauliwa.

Matoleo yasifutane. Idara ya taa ichague yenyewe inatumia animesheni v012 au v013 (toleo la 12 au la 13); mfumo unaovuta toleo jipya kimya kimya huleta shoti ambayo nusu ya fremu zake zina mkono ulioinuliwa na nusu umeshushwa.

Maoni ya kikao yaandikwe kwa namna ambayo msanii anaweza kuyafanyia kazi. "Liwe zito zaidi" si agizo. "Kuanzia fremu 1064, vumbi chini ya gurudumu la kushoto lichelewe fremu 3" ni agizo, na linajulikana ni la idara gani. Iwe programu ya kufuatilia kazi kama Flow Production Tracking (zamani ShotGrid) au Kitsu, au jedwali la kawaida, rekodi pia nani aliikubali shoti na lini.

Kabla ya kupeleka, mtu aitazame fremu kwa fremu: fremu nyeusi, faili zilizokatika, chembechembe za filamu zisizofanana na za picha asilia, pikseli zenye thamani isiyo namba (NaN). Hizo za mwisho ni ndogo lakini chafu. Moja tu ikipitia hatua ya kufifisha picha (blur) hutanuka ikawa mraba mweusi. Shoti ikishakubaliwa, ondoa ruhusa ya kuandika kwenye folda yake siku hiyohiyo.