Kabla Hujatia Sahihi

Niligongwa ubavuni kwenye makutano, na shingo ikaanza kuniuma kesho yake. Siku hiyohiyo mtu wa bima ya aliyenigonga akanipigia, mpole kweli, akataka nitie sahihi karatasi ili nilipwe haraka. Niliisoma mstari kwa mstari. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema malipo hayo ni ya mwisho na sitadai tena chochote. Nikakataa.

Inaniuma kuona madereva wakiharakishwa hivyo. Ukishasaini, hata daktari akigundua jeraha baadaye, mara nyingi huna tena cha kudai. Bima ya mwenzako haikutetei wewe. Zungumza kwanza na bima yako au wakili kabla ya kuipa bima ya mwenzako maelezo ya kurekodiwa.

Wajibu nao upo. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usalama barabarani unamtaka dereva asimame na ajitambulishe akiombwa. Kutaja jina si kukiri kosa. Polisi waeleze ulichokiona, lawama usijitwishe palepale ukiwa bado unatetemeka.

Nchi nyingi hugawa kosa kwa asilimia: ukionekana umechangia 20, fidia hupunguzwa kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana, majeruhi wakishahudumiwa, napiga picha alama za breki, vioo vilivyomwagika na jinsi magari yalivyokaa, kabla ya winchi kufika. Uliza mapema pia ukomo wa kufungua madai. Bima na mahakama huwa na tarehe tofauti.